Ganda Lenye Mwenyewe

Mama mkwe mtarajiwa alikanyaga mchanga wa kisiwa kile kama anayekanyaga zulia la jirani asiyempenda. Alikunja pua, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema, "Hakuna hata kiti."

"Hakuna watu, Mama," mwanawe alimjibu kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa wagonjwa waoga. "Kisiwa hiki hakikaliwi."

"Nimeona. Bado sijapofuka."

Nyuma yao Fundi alishuka botini peke yake, viatu mkononi, maji yakimfika magotini. Mchumba wake alikuwa ameshamshusha mama, akamshusha dada yake, akashusha kikapu cha chakula, akashusha mwavuli. Alipogeuka kumtazama yeye, alimkuta ameshafika nchi kavu. Akamtupia lile tabasamu lake la kuomba msamaha bila kusema neno, na Fundi, kama alivyozoea kwa miaka miwili, akalipokea.

Kila mtu alimwita Fundi, hata huyo mchumba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye meza moja ndefu, taa ya kuinamisha, na rafu zilizojaa vinywa vya watu vilivyomiminwa kwa plasta. Daktari wa meno alikuwa ameirithi kliniki hiyo kwa baba yake. Mwanzoni alikuwa akituma tu vipimo kupitia kwa nesi. Kisha akaanza kuvileta mwenyewe. Kisha akawa anavileta na kukaa, akishika kinywa hiki cha plasta, akikiweka, akishika kile, mpaka jioni moja akainua kidole na kumfuta Fundi vumbi jeupe kwenye nyusi. Alitazama tu kile kidole chake chenye vumbi, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na anaogopa kukipeperusha. Siku hiyo Fundi alikata jino la mbele la mgonjwa kwa upande usiofaa, akalazimika kuanza upya.

Mama mtu aliposikia, alilala siku mbili bila kula. Ya tatu akaamka na orodha. Kwanza, mwanamke mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na sita, alimzidi mwanawe minne. Pili, alikuwa mwajiriwa wa nyumba yao. Tatu, baba yake alikuwa mchonga vifungo.

"Vifungo, mwanangu," alisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Vifungo vya mashati."

Na meno aliyomsemea hayo, ya juu yote na ya chini manne, alikuwa ametengenezewa na huyo huyo Fundi. Fundi aliyapiga msasa siku tatu ili yasimchubue fizi. Kila Mama alipofungua kinywa kumdharau, Fundi aliiona kazi yake ikimeremeta mbele ya uso wake, akajiambia kwamba angalau yamekaa vizuri.

Safari hii ya kisiwani lilikuwa wazo la Daktari. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Mama alitaka makombe ya baharini ya kupamba meza arobaini za ukumbini, makubwa na ya kung'aa, na alikuwa ameyakataa ya dukani kwa kuwa kila mtu anayo. Fundi alikuwa amekua akiokota makombe na baba yake, kwa kuwa vifungo vile vilichongwa humo. "Utamfundisha," Daktari alimwambia. "Mtakuwa pamoja siku nzima. Atakuona ulivyo."

Fundi alikuwa ameamini. Alikuwa hata amenunua kofia mpya.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, mtu wa haraka angekizunguka kwa nusu saa. Mchanga mweupe, vichaka vifupi katikati, na upande mmoja miamba iliyojaa vidimbwi pale maji yanapokupwa. Makombe yalikuwa yametapakaa kila mahali, mengine mazima, mengine yamevunjika na kulainishwa na mawimbi mpaka yakawa kama peremende zilizomumunywa.

"Haya hapa mazuri, Mama," Fundi alisema, akainama na kuokota moja lililopauka rangi ya waridi. "Yakisafishwa na kupakwa mafuta kidogo yatang'aa."

Mama hakulipokea. "Hilo limekufa."

"Ndilo linalofaa. Mwenyewe ameshaondoka."

"Mimi sipambi harusi ya mwanangu kwa mizoga." Akamgeukia binti yake. "Njoo huku mamangu, kwenye maji. Yale ya majini yana rangi."

Wifi alikuwa amesimama kwa kuegemea mguu mmoja, simu juu, midomo mbele, akijipiga picha. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita ambaye hajawahi kufanya kazi yoyote, na alijichosha sana kwa hilo. "Wifi, sogea kidogo," alimwambia Fundi. "Kofia yako inaniingilia."

Fundi akasogea.

Kwa saa moja nzima aliwafuata ukingoni mwa vidimbwi kama mtu anayefuata kundi la mbuzi kwenye shamba la watu. Mama alikuwa akichomoa kila kitu chenye kung'aa. Kauri zenye mgongo wa kioo, bado zimevaa nyama yao laini, alizikwangua na kuzitupia kwenye ndoo. Ndoo ilianza kunuka.

"Hao wako hai, Mama," Fundi alisema kwa mara ya tatu. "Wakifia ndani watanuka mpaka ukumbini. Hata ukiwachemsha, harufu haitoki kwa wiki tatu. Marehemu baba alikuwa anainua kwa kijiti, anachungulia. Akikuta mwenyewe yumo, anamrudisha palepale."

"Marehemu baba yako," Mama alisema bila kuinua kichwa, "alikuwa anatafuta vifungo."

Wifi akacheka puani. Fundi alimtafuta mchumba wake kwa macho. Alikuwa amechuchumaa chini ya mwavuli akimenya mayai ya kuchemsha, akiyapanga kwenye sahani kwa uangalifu mkubwa. Masikio yake yalikuwa mazima na umbali ulikuwa hatua sita.

Ndipo Mama akapata alichokuwa akikitafuta. Aliinuka kutoka kidimbwini na ganda la urefu wa kidole cha kati, pana juu na jembamba chini kama pia ya kuchezea, lenye mchoro wa kahawia na nyeupe uliofumwa vizuri kuliko kitambaa chochote. "Mnaona?" alisema. "Hili litakaa meza ya maharusi." Akalifuta kwa kiganja, akalitumbukiza kwenye mfuko wa mbele wa gauni lake.

Fundi alilitambua. Baba yake alikuwa na vidole kumi vyenye makovu ya kila namna, lakini ganda la aina ile hakuwahi kuligusa hata akiona limekauka. Alikuwa amemwonyesha mara moja, kwa mbali, kwa kijiti. Konokono aliye ndani yake hutoa mwiba mwembamba kama unywele, hupenya nguo, na mtu aliyechomwa huanza kwa ganzi ya midomo. Baba alikuwa amemzika rafiki yake hivyo. Alichomwa asubuhi, adhuhuri hakuweza kuvuta pumzi.

"Mama, litoe hilo taratibu," Fundi alisema. "Lina sumu. Mwenyewe yumo ndani. Litoe."

"Sasa hilo zuri ndilo lenye sumu."

"Nakuomba. Anaweza kukuchoma kupitia nguo."

"Nimekuwa pwani kabla hujazaliwa."

Fundi aligeuka. Daktari alikuwa amesimama sasa, yai mkononi, akitazama mfuko wa gauni la mama yake. Macho yao yakakutana. Kwa miaka miwili Fundi alikuwa ameyasoma macho yale kama anavyosoma alama za meno kwenye nta, na alichokiona sasa alikielewa bila taabu. Alikuwa anajua. *Sema*, alimwambia kwa macho. *Wewe anakusikiliza. Sema neno moja.*

Daktari akainamisha uso, akaliweka yai kwenye kikapu, akalifunika vizuri kwa kitambaa.

Basi Fundi alipiga hatua mbili, akaushika mfuko wa gauni kwa chini, akaukung'uta nje. Ganda likaanguka mchangani. Akalipiga teke kwa kisigino cha kiatu, likadondokea kidimbwini, likazama.

Mama alipiga ukelele kama aliyeibiwa. Alisema amepigwa. Alisema ameguswa mwilini na mtumishi wake, mbele ya mwanawe, mwanawe anatazama. Wifi akaanza kulia kwa kuwa mama analia. Mama akashika kifua, akakaa juu ya ndoo, na kutoka pale juu ya makombe yake yanayonuka akatoa hukumu. "Boti moja mimi na huyu hatupandi. Ama mimi, ama yeye. Na abaki hapa mpaka adabu imrudie."

"Nilileta watu wanne," Nahodha alisema kutoka botini. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti. "Narudisha wanne."

"Presha imempanda," Daktari alimwambia haraka. "Ni mgonjwa wangu, lazima afike bara sasa hivi. Tutampeleka kwanza, kisha nitarudi kumchukua." Akamjia Fundi, akamshika kiwiko, akashusha sauti. "Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Mpenzi, nielewe. Hali ya Mama unaiona."

"Naiona," Fundi alisema.

"Usinune basi."

"Sijanuna. Nenda."

Nahodha alishuka, akamwachia dumu la maji na mfuko wa biskuti zake mwenyewe. Alimtazama Daktari akipanda boti kwa namna ambayo mtu hutazama samaki aliyeoza kwenye wavu. Kisha mashine ikanguruma, na ile familia ikaondoka, Mama amelaza kichwa begani kwa mwanawe, mwanawe akimpepea kwa kofia mpya ya Fundi.

Fundi hakutegemea kwamba angelala, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alilala chini ya kichaka nusu saa, usingizi mzito wa mtu aliyemaliza kazi ngumu. Alipoamka aliwarudisha kidimbwini wale wote waliokuwa wamesahauliwa kwenye ndoo, wachache bado wazima, wengi hapana. Akazunguka kisiwa, akaokota yaliyopauka, yaliyotoboka, yaliyovunjika nusu na kuonyesha ngazi zao za ndani. Akawa anamfikiria dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa amemwona Daktari mara moja tu, siku ya kujitambulisha. Wageni walipoondoka alisema, "Yule bwana akitaka kucheka humtazama kwanza mama yake kama amecheka." Fundi alikasirika wiki nzima. Alimwambia dada yake ana wivu.

Dakika themanini zikapita, zikawa saa mbili, zikakaribia tatu. Boti ilipotokea, Daktari alikuwa amebadilisha shati.

"Umeshatulia?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mama hajambo?"

"Presha imeshuka. Alikula kidogo, akapumzika. Yuko garini na wifi yako." Alikaa mchangani kando yake, si karibu sana, akakunja suruali ili isichafuke. Nahodha alibaki botini, akajifanya anakagua kamba. "Nimemsihi sana, Fundi. Hujui nimemsihi kiasi gani. Alitaka tukuache mpaka kesho, mimi nikakataa katakata."

Alingoja kushukuriwa.

"Endelea," Fundi alisema.

"Anataka jambo moja tu. Umwombe radhi, wifi yako akiwepo. Maneno mawili, tunaingia garini, tunaenda nyumbani."

"Nimwombe radhi kwa lipi?"

"Kwa kumkung'uta nguo mwilini. Yule ni mtu mzima."

"Nilimtoa mauti mfukoni."

"Usikuze mambo, mpenzi."

Fundi aliweka chini kombe alilokuwa akiligeuzageuza. "Nikuulize, na unijibu kama daktari. Yule konokono unamjua?"

Alivua miwani, akaifuta. Alifuta kioo cha kulia, akafuta cha kushoto, akarudia cha kulia. "Namjua," alisema. "Tulisoma habari zake chuoni. Sumu yake wanaitafiti kwa dawa za maumivu."

"Ulimjua tangu lini? Pale ulipofika bara, au pale Mama alipomwinua?"

"Alipomwinua."

"Ukamwona akimtia mfukoni."

"Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kumwambia. Unamjua Mama alivyo. Ukimkatalia mbele ya watu anaharibikiwa siku nzima. Ningemwambia tukiwa wawili."

"Lini?"

"Tukiwa njiani."

"Alikuwa amemlaza juu ya paja, na gauni lenyewe la kitambaa chepesi."

"Lakini hakumchoma, Fundi. Mbona unalishikilia jambo ambalo halikutokea?"

Fundi alimgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu ashuke. Alitegemea hasira. Alikuwa ameiandaa kwa saa tatu, aina kwa aina, na ilipofika wakati wake hakuikuta. Alichokikuta kilikuwa baridi na kimekaa wima. Siku nyingine ukimimina plasta kwa pupa, umbo hutoka zuri, meno yote yapo, fizi zote zipo. Ukiligusa kwa kisu linabonyea, maana ndani lilijaa hewa. Huwezi kulikasirikia. Unalitupa kwenye ndoo na kunawa mikono.

"Nilidhani unamwogopa mama yako kwa ajili yangu," alisema polepole. "Miaka miwili nilidhani hivyo. Akinisema unanyamaza, nami najiambia ananilinda, hataki vita. Akinikalisha meza ya watumishi unanyamaza, najiambia anampenda mama yake, mtoto mwema, na mume mwema hutoka humo. Leo nimeona unavyompenda."

"Usiseme hivyo."

"Ungemwacha afe kwa heshima."

Alikunja uso kama aliyeguswa jino bovu. Kisha akafanya alichokuwa akifanya siku zote maneno yakimwishia: alinyoosha kidole, akamfuta Fundi mchanga kwenye nyusi, taratibu, na macho yake yakajaa kile kile kilichomharibia kazi jioni ile. Na mwili wa Fundi, ambao haukuwa umeambiwa lolote, ukaitika. Alijidharau kwa hilo kuliko alivyomdharau yeye.

"Nakupenda," Daktari alisema. "Hilo unalijua."

"Nalijua. Siku nitakaposhika mimi kitu cha kuniua na mama yako yupo, utanipenda hivyo hivyo, na utaangalia mayai."

"Mambo yote haya kwa sababu ya konokono."

"Ndiyo," Fundi alisema, akainuka, akapangusa sketi. "Tuseme kwa sababu ya konokono. Nahodha, mimi niko tayari."

Njiani Fundi alikaa nyuma karibu na mashine, mahali penye kelele na moshi, kwa hiari yake. Daktari alikaa mbele, mgongo umeinama, na kila baada ya muda aligeuka kumtazama. Kwa kila mtazamo alionekana kupata nafuu kidogo, kama mtu anayejifanyia hesabu na kuona inaanza kumtoka vizuri. Fundi aliliona hilo na hakulielewa mpaka walipofika.

Gari lilikuwa limeegeshwa mwisho wa gati, milango wazi, Mama amekaa kiti cha nyuma na miguu nje, Wifi akimmiminia juisi. Daktari aliruka botini kabla haijafungwa kamba. Alitembea haraka, akamfikia mama yake hatua ishirini mbele ya Fundi, na upepo ulikuwa unavuma kutoka huko, ukayaleta maneno yote.

"Amesemaje?" Mama aliuliza.

"Ameomba radhi, Mama. Amelia sana. Yameisha."

Mama alishusha pumzi, akafuta midomo. "Nilijua. Saa tatu za jua zinamlainisha yeyote. Haya, apande mbele, asiniguse."

Daktari aligeuka. Alimtazama Fundi akija, na uso wake wote ulikuwa ombi moja. *Nyamaza. Nyamaza tu, kila kitu kitapona.* Na ilikuwa kweli. Fundi hakutakiwa kuomba radhi, hakutakiwa kusema chochote. Gauni lilikuwa tayari kwa mshonaji. Ukumbi ulikuwa tayari. Chumba chake cha nyuma, taa yake, rafu zake za vinywa, vyote vilikuwa vyake kwa bei ya kufunga mdomo kwa muda wa kutoka gatini hadi garini. Alizipiga zile hatua moja moja. Aliona kwamba hivi ndivyo Daktari alivyoanza, pengine akiwa na miaka mitano au sita, kwa kunyamaza mara moja iliyokuwa na faida.

Alisimama mbele ya mlango wa gari.

"Sijaomba radhi, Mama," alisema. "Na sijalia. Nililala, nikaokota makombe."

Wifi akasimamisha chupa hewani.

"Yule niliyemtoa mfukoni mwako anaua. Mimi nilikwambia, hukuniamini, na si lazima uniamini. Lakini mwanao ni daktari. Alimjua tangu ulipomwinua, akaamua kukuambia ukishafika njiani. Muulize."

Mama alimgeukia mwanawe. "Ulijua?"

"Mama, presha yako..."

"Nimekuuliza kama ulijua."

Daktari akatazama gati, akatazama maji, akatafuta kitu cha kufunika kwa kitambaa, hakukiona. Na Mama akamtazama kuanzia viatuni, taratibu, akapanda hadi usoni, kwa jicho lile lile alilokuwa amemwekea Fundi miaka miwili. Lilimkaa mwanawe sawasawa, kana kwamba amechukuliwa vipimo.

"Umeridhika?" Daktari alimwambia Fundi, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na upole wowote. "Umenidhalilisha mbele ya mama yangu. Na kazi je? Unafikiri kesho utaingia kliniki?"

"Hapana. Vitu vyangu nitamtuma mtu avichukue. Meno ya watu hung'oka kila mji, sitakosa pa kukaa." Hakuwa na pete ya kuvua, ilikuwa ikiingia plasta kazini, kwa hiyo aliiweka kwenye droo ya kliniki tangu mwezi uliopita. Atakayeikuta ataikuta. "Harusi haipo. Mama, pole kwa usumbufu wa leo."

"Na umri huo," Mama alisema, lakini alilisema kwa mazoea tu, macho bado yako kwa mwanawe, na sentensi ikamfia njiani.

Fundi alitembea hadi barabarani. Alipofika kona, ambapo hawakumwona tena, alikaa juu ya ukuta mfupi wa duka lililofungwa. Alilia kidogo hapo, kwa hasira zaidi, hasa alipokumbuka kile kidole na vumbi lile jeupe. Miaka miwili. Alijiona mjinga kuliko Wifi. Alipomaliza alijipangusa kwa ukingo wa blauzi, akatoa simu.

"Dada, zile kadi za harusi umeshazigawa?"

"Zote, mia na kumi na mbili. Nyingine nimepeleka kwa miguu. Kuna nini?"

"Kesho nataka tuzunguke tuwaambie wasije."

Upande wa pili maji yalifungwa bombani. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine."

Fundi alifikiri. "Yule yule wa siku zote."

Dada alitoa kicheko kimoja kifupi, akakikatisha. Hakumkumbusha kwamba alimwonya. Alivuta kiti, mlio wake ukasikika, akakaa. "Tutaanzia kwa nani?"

"Kwa wa mbali kwanza."

"Basi nitavaa viatu vya chini. Umekula?"

"Biskuti tu."

"Njoo ule," Dada alisema. "Hayo mengine utanisimulia ukishashiba."